Kabla ya kununua gari la kupita topeni Lusangi, tuulize mikanda yake itaisha lini

Mvua zikianza Septemba kusini mwa Maniema, swali la wasafiri hubadilika. Hakuna anayeuliza tena Kasongo ni kilomita ngapi. Watu huuliza: nani amepita jana, na amepita na nini? Jibu kwa kawaida ni pikipiki iliyosukumwa zaidi ya ilivyopandwa, au baiskeli yenye magunia mawili na mtu anayetembea kando yake akiishika isianguke. Lori likithubutu kuingia, hulala njiani siku mbili, wiki, wakati mwingine mpaka mzigo uoze.

Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara. Kwa zoni ya afya ya Lusangi na majirani zake wa Kasongo, Kunda, Kabambare na Saramabila ni jambo jingine. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na sanduku la barafu lina saa zake. Mama aliyekwama katika uchungu na anayehitaji kupasuliwa ana saa chache kuliko sanduku. Wamotari wetu hufanya maajabu, wakimfunga mgonjwa kati ya dereva na ndugu yake, lakini si kila mgonjwa anaweza kukaa juu ya pikipiki.

Kwa hiyo sishangai kwamba katika mazungumzo ya misaada na ya afya hujitokeza mtu mwenye picha kwenye simu yake. Gari dogo lenye umbo la boti linatambaa katika tope, linaingia mtoni bila kusita, linaelea, linatoka ng'ambo ya pili likichuruzika maji. Chini yake kuna mikanda mipana kama ya katapila. "Tukipata mawili tu ya haya," husema mwenye simu, na wote mezani hutikisa kichwa. Nimeiona picha hiyo zaidi ya mara moja.

Sipingi gari hilo. Napinga namna tunavyoliulizia. Kwamba linapita, picha imeshajibu. Swali la Lusangi ni jingine: kile kinachogusa ardhi ni kitu gani, kitadumu saa ngapi juu ya udongo wetu, na kikikatika kati ya kijiji na kijiji nani atakuja nacho kingine?

Magari ya aina hii si mapya. Kampuni ya Argo ya Ontario, Kanada, imekuwa ikiyatengeneza tangu miaka ya 1960. Yana magurudumu sita au manane, mwili wa plastiki ngumu usioingiza maji, na matairi laini yenye upepo kidogo sana. Hayana usukani wa kugeuza magurudumu ya mbele. Dereva akitaka kukata kona, hupunguza mwendo wa upande mmoja na upande mwingine unasukuma gari lote lizunguke, kama mtu anayepiga kasia upande mmoja wa mtumbwi. Majini, matairi yenyewe ndiyo makasia. Likiwa na magurudumu manane hubeba takriban nusu tani.

Mikanda huja baadaye, kama kiatu cha kuvaa juu ya soksi. Mnunuzi huongeza mikanda ya mpira, au ya vipande vya plastiki ngumu vilivyofungwa pamoja, na kuivika juu ya matairi yale yale. Faida yake ni kubwa: uzito wa gari husambaa, shinikizo juu ya ardhi linakuwa dogo kuliko la unyayo wa mtu anayetembea. Pale ambapo wewe ungezama hadi magoti, gari lenye mzigo hupita.

Yapo pia magari yaliyozaliwa na mikanda. Linalojulikana zaidi ni Bv 206 la Hägglunds ya Uswidi, lililoanza kutengenezwa 1980: vyumba viwili vilivyoungana kama mabehewa, mikanda minne ya mpira yenye upana wa sentimita 62 kila mmoja, mzigo wa tani mbili hivi, na uwezo wa kuelea. Lilibuniwa kwa ajili ya theluji na vinamasi vya kaskazini mwa Ulaya. Yapo kwa maelfu duniani.

Theluji ndiyo neno la kuzingatia hapo. Theluji haisagi mpira, na kinamasi cha mboji hakisagi mpira. Kusini mwa Maniema tuna tope, ndiyo, lakini chini ya tope na katikati ya tope tuna udongo mwekundu wenye changarawe ngumu, na mawe meupe makali ambayo kila aliyetembea peku huku anayajua. Barabara ile ile ina bonde lililojaa maji, kisha kilima cha kokoto tupu, kisha mita mia mbili za utelezi kama sabuni, kisha kokoto tena. Gari likitoka bondeni halivui mikanda. Kazi ya kuvua na kuvika, kukaza na kusawazisha, si ya dakika kumi. Hivyo mkanda uliotengenezwa kwa ajili ya bonde unapanda kilima juu ya tupa.

Na kumbuka namna gari hilo linavyokata kona. Kila kona ni mpira unaoburutwa kwa ubavu. Katika tope hilo si kitu, mpira unateleza. Juu ya changarawe kila kona hula nyama ya mkanda, na barabara zetu ni kona tupu, kwa sababu dereva hukwepa mashimo kushoto na kulia kutwa nzima.

Kuna maadui wengine wasioonekana kwenye picha ya simu. Kokoto ikinasa kati ya tairi na mkanda husagwa pale pale mpaka ikate nyuzi za ndani. Mkanda ukilegea, unaruka nje ya njia yake, na mara nyingi huruka gari likiwa limeinama katika tope, mahali pabaya kuliko pote pa kuurudisha. Ukikazwa mno, unakula beringi na ekseli. Matairi ya upande mmoja yakipishana upepo, mkanda unavutwa huku na huku kama nguo inayochanika. Tope likishindiliwa na kukauka ndani ya meno yanayouzungusha, linaunyoosha mpaka upasuke. Gazwali na oili huulainisha mpira. Jua huukausha na kuupasua hata gari likiwa limeegeshwa.

Minyororo ya chuma je? Swali hili huulizwa na watu walioona mashine za mgodi wa Namoya huko Salamabila, au katapila za Ofisi ya Barabara. Chuma kinavumilia mawe kuliko mpira, hilo halina ubishi. Lakini angalia katapila inavyosafiri: inapandishwa juu ya lori. Haifanyiwi hivyo kwa uvivu wa dereva. Mnyororo wa chuma una pini na vifuniko vyake, na mchanga uliochanganyika na maji ukiingia pale unakuwa dawa ya kusaga vyuma. Kila kilomita isiyo ya kazi ni pesa inayoyeyuka. Juu ya hayo, makucha ya chuma huichana barabara ya udongo, na chuma ni kizito. Gari dogo linalotakiwa kuelea haliwezi kulibeba. Kwa gari la wagonjwa, chuma tukiache.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo mikutano mingi husimama kabla ya kufika. Mafundi wa mashine ndogo za ujenzi zenye mikanda ya mpira hukadiria seti moja kudumu saa 1,200 hadi 1,600 katika kazi ya kawaida, na kushuka chini ya hapo kwenye mawe. Tufikirie safari ya mfano ya kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao juu ya njia zetu ni mwendo wa mtu mwenye bahati. Ni karibu saa 11. Mara tatu kwa wiki, kwa majuma 35 ya mvua, tunafika saa zaidi ya 1,100. Kwa maneno mengine, msimu mmoja unaweza kumaliza seti nzima. Tena mashine ya ujenzi hutumia sehemu kubwa ya saa zake ikichimba imesimama. Gari letu litakuwa linatembea saa zote hizo. Hesabu yangu ni ya upole.

Seti mpya haipatikani Kasongo. Haipatikani Kindu. Inaagizwa ng'ambo ya bahari, inakuja kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, inavuka mpaka, inalipiwa ushuru, na mwisho inatakiwa ifike Lusangi kwa barabara ile ile ambayo gari lilinunuliwa kwa sababu haipitiki. Ajabu nyingine ndogo: mpira ulitolewa Kongo hii kwa mijeledi enzi za Leopold, na leo unaturudia kama mkanda kwa bei ya dola.

Anayedhani natia chumvi aende Kongwa, katikati ya Tanzania, akawaulize wazee. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika katika eneo la zaidi ya ekari milioni tatu. Ujumbe wa John Wakefield ulikuwa umezunguka nchi kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, na kurudi na ripoti nzuri. Matrekta ya minyororo yakanunuliwa kutoka mabaki ya jeshi la Marekani, mengi yakitoka Ufilipino. Yalipofika yalikutana na vichaka vyenye mizizi isiyong'oka na udongo ambao jua likiupiga unakuwa saruji yenye mchanga mkali. Ndani ya mwaka 1947 theluthi mbili hivi ya matrekta hayo hayakuwa kazini. Vipuri havikuwepo, karakana haikuwa tayari, na waendeshaji walikuwa wamefundishwa haraka haraka. Baadaye wakaleta mashine zilizotengenezwa kutokana na mwili wa kifaru cha Sherman. Nazo hazikuokoa kitu. Januari 1951 mpango ukafutwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Wengi husimulia kisa cha Kongwa kama kichekesho cha wakoloni waliokosa akili. Mimi nakisoma kama kisa cha mnyororo. Walinunua mashine zinazopita popote bila kuuliza udongo wa mahali utazifanya nini, wala nani ana kipuri cha pili. Hakuna hata moja kati ya makosa hayo mawili linalohitaji mkoloni ili lifanyike. Sisi wenyewe tunaweza kulirudia kwa gari mbili na sherehe ya kukata utepe.

Kisa cha upande wa pili kipo pia, na kinapita Kongo. Oktoba 1924 magari manane ya Citroën yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Mbele yalikuwa na magurudumu ya kawaida, nyuma mikanda ya mpira iliyobuniwa na Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyekuwa akihudumia magari ya mfalme wa Urusi na aliyeubuni mkanda huo kwa ajili ya theluji, kwa mara nyingine theluji. Yalivuka Sahara, yakaingia Kongo ya Wabelgiji, yakafika Stanleyville ambayo leo ni Kisangani, kisha Kampala. Hapo wakagawanyika makundi manne: moja likaelekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, mengine Msumbiji na Rasi ya Afrika Kusini. Waliokwenda pwani wakakutana tena Madagaska mwaka 1925.

Yalifika. Kwa nini mikanda ile ya mpira wa miaka mia iliyopita ilifika, na minyororo ya Kongwa ikafa? Sababu moja ni kwamba kabla gari halijawashwa, misafara ya maandalizi ilikuwa imetangulia na kuweka maghala ya mafuta na vipuri njiani. Waendeshaji walikuwa mafundi wanaoyajua magari hayo kwa ndani. Na katika Kongo njia ilikuwa imefyekwa na kutengenezwa mbele yao kwa mikono ya watu wa vijiji, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye filamu wala vitabu. Mkanda ulisifiwa. Ghala na jembe ndivyo vilivyoubeba.

Turudi karibu na leo. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani linafanya kazi Sudan Kusini, nchi ambayo sehemu yake kubwa hugeuka ziwa wakati wa mvua. Huko limetumia magari ya Sherp, yanayopita topeni na kuelea. Watu wengi wakiyaona hudhani yana mikanda. Hayana. Yana matairi manne, makubwa mno, kimo cha mita 1.6 kila moja, yenye upepo mdogo, na dereva anaweza kuyajaza kwa moshi wa injini yenyewe. Gari hubeba tani moja hivi. Majini huenda kilomita 6 kwa saa, pole pole kama mtu anayetembea kwa haraka.

Nadhani hapo kuna funzo kwa Lusangi kuliko katika picha ya mkanda. Tairi likitoboka, linazibwa. Kila senta ya barabarani huku, hata ndogo vipi, ina kijana mwenye pampu, gundi na vipande vya mpira wa ndani, na hajawahi kusomea. Tairi likiisha upande mmoja, linahamishwa. Mkanda uliokatika nyuzi za ndani hauna fundi hapa, na gari zima husimama. Ni kweli tairi lina kikomo chake: katika bonde lenye tope la kina kirefu, mkanda utapita na tairi litachimba shimo lake lenyewe. Lakini ni sehemu ngapi za njia ya Lusangi zilivyo hivyo? Wamotari wanaweza kukutajia moja moja kwa majina. Waulizeni kabla ya kuandika oda.

Pendekezo langu basi, kama fedha zipo na uamuzi ni kununua, ni gari la matairi, na mkanda wa mpira uje kama vazi la miezi mibaya tu, kwa ajili ya mabonde yaliyopimwa na kujulikana. Mikanda ya plastiki ngumu tusiiguse. Ni mizuri kwenye theluji na majani. Juu ya kokoto inaisha na kupasuka, na ukiipanda kilima kilicholowa inateleza.

Tena tusidanganyane kuhusu kuelea. Neno "majini" katika matangazo ya magari haya huwafanya watu wa huku wafikirie Lualaba na Luama. Gari linaloogelea kilomita 5 au 6 kwa saa halishindani na mto uliofura. Litabebwa. Lualaba si bwawa: Wabelgiji walijenga reli kutoka Kindu hadi Kongolo, ikakamilika 1911, kwa sababu mto wenyewe una maporomoko yasiyopitika. Kuvuka Lualaba ni kazi ya baki na mitumbwi, na baki inayofanya kazi ina faida kwa watu wengi zaidi kuliko gari lolote linaloelea. Kuelea kwa gari letu ni kwa kijito kilichobeba daraja lake la magogo usiku, na kwa bonde lililojaa maji mita 50 au 100. Hiyo pekee inatosha kumfikisha mama hospitali kuu ya rufaa. Na jaketi za kuokolea ziwemo ndani, kwa kila mtu, mgonjwa akiwemo. Vilevile kila kilo ya mkanda inayoongezwa juu ya gari ni kilo moja inayotolewa kwenye mzigo unaoweza kuelea. Dereva asiyejua hilo atajaza gari kama anavyojaza pikipiki.

Najua jibu la wengine: kwa nini tuzungumzie gari wakati tunachotaka ni barabara? Ni jibu la haki. Serikali ina Ofisi ya Barabara, ina mfuko wa matunzo ya barabara, FONER, unaolishwa na kila lita ya mafuta tunayonunua, na ina mpango wa maendeleo wa teritwari 145 ambao Kasongo na Kabambare zimo ndani yake. Vijiji vina kamati za matunzo ya barabara, watu wenye majembe na sepetu ambao wakilipwa kwa wakati hufungua mifereji kabla ya mvua, na mfereji ulio wazi ndio unaozuia barabara isigeuke mto. Barieri za mvua, zikiheshimiwa, huzuia malori yasichimbe mahandaki katika udongo mbichi. Bei ya gari moja la kuelea ingelipa kantonye wengi kwa miezi mingi. Yeyote atakayetumia gari hilo kama sababu ya kutolipa kantonye ametuibia mara mbili.

Lakini mvua ya mwaka huu haisubiri bajeti ya mwaka ujao, na mtoto anayezaliwa leo usiku hasubiri mfereji. Ndiyo maana sisemi hapana. Nasema gari moja au mawili ya dharura, chini ya zoni za afya na si chini ya ofisi ya kisiasa, yasiyobeba wageni wa heshima wala magunia ya mtu, ni matumizi yanayoweza kutetewa. Kwa masharti, na masharti yaandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi ya kwanza.

La kwanza kwangu ni seti ya pili. Gari lisipokelewe bila seti nzima ya matairi ya akiba, na bila mkanda wa akiba kama mkanda umenunuliwa, pamoja na beringi, minyororo ya ndani na vifaa vya kukazia, vyote vikiwa vimeshafika Kasongo. Vikiwa "njiani", gari nalo libaki njiani. Mfadhili hupenda kununua magari mawili na vipuri sifuri kwa sababu magari mawili yanapendeza kwenye picha. Gari moja lenye vipuri litaokoa watu wengi kuliko mawili yasiyo navyo, kwa kuwa tunajua yatakavyoishia: la pili litakuwa duka la vipuri la la kwanza, na mwaka wa tatu yote mawili yatakuwa makazi ya kuku nyuma ya ofisi.

Makanika naye awe wa hapa. Asiwe fundi anayeletwa kwa ndege kutoka Kinshasa kila gari likikohoa. Kasongo ina vijana wanaofungua injini ya pikipiki kwa bisibisi mbili na kuifunga tena ikaimba. Wawili kati yao wafundishwe na mtengenezaji, walipwe mshahara, na wapewe daftari. Katika daftari waandike saa za injini, kila safari, wapi mkanda uliruka, wapi tairi lilitoboka. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko katalogi yoyote, kwa sababu litaonyesha mkanda unadumu saa ngapi hasa kati ya Lusangi na Kasongo, na mnunuzi wa pili hatahitaji kubahatisha.

Kabla hata ya hayo, muuzaji alete gari lijaribiwe. Lisijaribiwe kwenye uwanja wa mpira wa Kindu mbele ya kamera. Lijaribiwe Novemba, kwenye njia yenyewe, likiwa na kilo zote linazodai kubeba, kwenda na kurudi mara kumi. Kisha mkanda upimwe unene kwa rula. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa. Anayekataa ametujibu.

Na banda. Katika orodha za manunuzi banda halimo kamwe, kwa sababu halina picha nzuri. Mpira unaolala juani na kunyeshewa unazeeka hata usipotembea, na miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, mikanda ikiwa imevuliwa, ndiyo miezi inayoharibika bila mtu kugundua. Miti, majani au mabati kumi, sakafu ya mbao ili mikanda isilale ardhini, na mlango wenye kufuli. Watu wa Lusangi wanaweza kulijenga kwa wiki moja, na lijengwe kabla gari halijaagizwa.